Pilau Isiyomngoja Valeria

Valeria hakuwa mtu wa kunyamaza, na hapa hatumfanyi mtu malaika. Mdomo alikuwa nao. Alitoka Masasi miaka ya sabini, yaya wa watoto wa ofisa wa ubalozi. Ofisa aliporudishwa nyumbani, yeye akabaki London, akaolewa, akafiwa na mume, akaishia kusafisha ndege pale Heathrow.

Ushirika wa Wakristo Waswahili wa Hounslow ulianzia sebuleni kwake. Walutheri, Waanglikana, Wakatoliki, hata Mpentekoste mmoja wa Kisumu aliyekemea mapepo mpaka majirani wakagonga ukuta. Wote walikula sinia moja, na sharti la Valeria lilikuwa hili: hakuna kufunua sufuria mpaka wa mwisho atoke shifti. Wali ukipoa, utapashwa moto. Mtu akilalamika, anaambiwa, "Njaa haijakuua bado, kaa chini!"

Basi ushirika ukakua, ukahamia kwenye ukumbi wa kukodi, ukapata na mwenyekiti. Harrison, mhasibu anayekaa Harrow, suti na tai hata jua likiwaka, kila kitu kwa saa. Akaamua chakula kiliwe mara ibada inapoisha, wa kuchelewa shauri yake. Valeria wa shifti ya Jumapili asubuhi akawa anakuta ukoko. Alinuna, alisonya, lakini alivumilia, kwa sababu London nzima hakuwa na ndugu wengine. Hao wakimtoka, nani angemzika?

Jumapili ya Pentekoste alipika pilau, akaipeleka ukumbini alfajiri, ndipo akaenda kazini. Aliporudi na yunifomu yake, viatu vimeloa maji ya kudekia, watu walikuwa wameshakula na Harrison amesimama anatoa neno la kufunga.

"Wakristo wa kwanza, ndugu zangu, waliishi kama waliozaliwa tumbo moja! Meza moja, mkate mmoja!"

Valeria akafunua sufuria yake. Tupu! Hata mfupa hamna.

"Pilau yangu iko wapi?"

"Mama Valeria, tuko kwenye neno," Harrison akasema.

"Neno gani? Umeshashiba ndiyo unaleta neno?"

"Ungewahi, mama."

"Niwahi! Ile ndege uliyopanda kwenda kumzika mama yako, matapishi ya humo ndani nani aliyaosha? Himid, Mwislamu wa Pemba ninayefanya naye kazi, Ramadhani hafunui futari yake bila kuniita nikae naye, na mimi wala sifungi! Nyie wa meza moja mmenilia mpaka ukoko!"

Wengine waliinamisha vichwa. Mama mmoja wa Tanga, aliyelala kwa Valeria siku zake za kwanza London, akanong'ona, "Jamani, tungemwekea." Harrison akatazama saa yake.

"Tushikane mikono, tuseme Neema."

Hiyo ndiyo desturi yao: mkusanyiko hufungwa wamesimama duara, mikono imeshikana, wakisema ile sala ya Neema kwa pamoja. Sebuleni kule walimsubiri hata aliye chooni, Neema haikusemwa duara likiwa na pengo. Watu wakasimama, wakaacha nafasi yake kati ya Harrison na yule mama wa Tanga. Valeria akakunja mikono kifuani. Hashiki mkono wa mtu mpaka aombwe radhi, tena hadharani. Tuone watasemaje hiyo Neema!

Lakini alichotaka ni "tusamehe" tu, basi, na angeushika ule mkono hata kama bado unanuka pilau yake.

"Sogeeni," Harrison akasema.

Wakasogea. Mama wa Tanga naye akasogea, macho chini, akaupokea mkono wa mwenyekiti. Duara likajifunga, wakaisema Neema mpaka mwisho kwa sauti moja nzuri, na Valeria amesimama nyuma ya migongo yao.