Amina Kumi na Saba

Mimi ni mtu wa kushuku, sikatai. Nikiambiwa maziwa ni ya leo, nayanusa kwanza. Kwa hiyo watu wa kwaya yetu waliponirushia Amina kumi na saba kwa wimbo mmoja nilioimba na kujirekodi nikiwa nimekaa juu ya gunia la kahawa, sikufurahi hata kidogo. Nilizihesabu moja moja, nikajiuliza hawa watu wananificha nini.

Ngoja nieleze vizuri. Kwa miaka mingi mimi ndiye niliyekuwa naanzisha wimbo wetu wa mavuno hapa Mabira. Aliutunga mwalimu wa kwaya mwenyewe. Unaanza na mtu mmoja: mstari wa kwanza anauimba taratibu, wa pili unapanda mpaka juu kabisa, pale juu anakaa kidogo, ndipo kwaya nzima inapokea. Mtu huyo nilikuwa mimi. Nilikuwa naringa? Sana tu. Hata waliochelewa ibada, walio bado huko njiani kwenye migomba, walikuwa wakinisikia pale juu wanaanza kukimbia.

Halafu likaja rovu, ule uvimbe wa shingoni. Lilianza dogo nikalificha kwa kanga, likakua mpaka kanga haifichi tena, nikaenda kufanyiwa upasuaji. Siku ya kuruhusiwa nikamuuliza daktari habari ya sauti yangu. Akasema, "Kuongea utaongea, mama. Kuimba, tutaona."

Hiyo "tutaona" nilirudi nayo nyumbani ikanikaa kooni kuliko hata mshono. Mavuno yalikuwa yanakuja, nami nilitaka kujua kitu kimoja tu: sauti imerudi au haijarudi? Kama imerudi, naanzisha wimbo wangu. Kama haijarudi, nikae pembeni mapema, nisije nikaumbuka mbele ya usharika mzima.

Sasa jambo kama hilo utamuuliza nani? Huku kwetu mtu hakwambii usoni kwamba umeimba vibaya. Mgeni akipewa ndizi zilizoungua atakula, atashukuru, na akiongezewa atashukuru tena. Tumelelewa hivyo. Neno gumu linamezwa, na aliyelimeza ndiye mwenye adabu. Mume wangu, mtu wa Bweranyange, ndiye bingwa wao. Nilimwimbia wimbo wote jikoni.

"Nzuri," akasema.

"Nzuri kivipi?"

"Nzuri tu. Chai iko tayari?"

Ndiyo maana nikaanza kujirekodi. Chumba chetu cha kuwekea kahawa hakina mwangwi, magunia yanameza kila kelele, ukiacha jogoo wa jirani ambaye yumo kwenye rekodi zangu zote. Naweka simu juu ya gunia, naimba, nasikiliza, nafuta, naimba tena. Nikipata iliyo afadhali naituma kwenye grupu la kwaya na kuandika chini yake: "Nawaomba maoni ya kweli."

Maoni yenyewe ndiyo hayo. Amina. Ubarikiwe mama. Sauti ya malaika. Mikono ya kusali imepangwa mstari mzima. Nikatazama saa ya ujumbe wa kwanza, machale yakanicheza. Wimbo una dakika nne. Amina ya kwanza iliingia kabla ya nusu dakika kwisha! Amesikiliza saa ngapi huyo?

Nikawatega. Wiki iliyofuata nilituma rekodi ambayo ubeti wa tatu nimeuimba mwanzo na wa kwanza nimeuruka kabisa. Kwaya imeuimba wimbo huo miaka yote, watoto wao wanaujua. Amina. Amina. Ubarikiwe. Haki ya Mungu, nilitamani kuitupa simu kwenye shimo la mbolea. Hawa watu walikuwa wananivika kilemba cha ukoka, tena mchana kweupe.

Ajabu ni kwamba mazoezini sauti ilikuwa inatoka. Nilirudi kanisani nikaanzisha, mstari wa pili nikaupanda, pale juu nikafika. Akina mama wa sauti ya kwanza wakapiga vigelegele. "Imerudi!" wakasema. Mwalimu akaitikia kwa kichwa juu ya kinanda chake, lakini hakunitazama. Na mimi nikiambiwa imerudi na mtu asiyenitazama, siamini ng'o.

Tena kulikuwa na yule mzee wa besi. Anakaa benchi la nyuma yangu, mkulima wa kahawa, mpole, baba wa watu. Zamani alikuwa na besi unayoisikia kwenye mbao za benchi. Basi tangu nirudi, kila kwaya inapopokea wimbo wangu, mzee anaanza kukohoa. Nyimbo nyingine anaimba vizuri, hana kikohozi. Ukija wangu tu, "kho, kho." Nikasema, eeh, kumbe wewe ndiye! Wenzako wananidanganya kwa Amina, wewe unanicheka kwa kikohozi. Iliniuma sana. Shikamoo yangu kwake ikawa fupi, namtupia huku naangalia viatu vyangu, na akiitikia mimi nimeshapita.

Kilichofungua mambo ni redio. Siku moja nilikuwa namenya ndizi, nikaona kadi ya zamani ya muziki ndani ya droo, ile yenye ibada ya mavuno ya kabla ya upasuaji. Nikaipachika kwenye redio ya mume wangu, wimbo wetu ukaanza, nami nikaimba pamoja na mimi wa zamani. Loh! Sikuweza kumfuata. Mstari wa kwanza tu alishaniacha, wa pili nikanyamaza nikabaki na ndizi mkononi.

Unajua nilishuku nini? Redio. Nilisema redio hii imeharibika, inakimbiza nyimbo, kama kaseti za zamani zilivyokuwa zikichezwa na mashine mbovu. Nikamshuku na mume wangu kwamba kaiangusha na hasemi. Siku ya gulio nikapanda bodaboda mpaka Kaisho na redio mapajani.

Fundi wa pale ni kijana wa Kiislamu, baba yake alihamia huku kutoka Tanga akiuza vitambaa, na mwenyewe anatengeneza simu na redio kwenye kibanda nyuma ya duka la familia. Aliisikiliza, akaniomba na simu, akacheza rekodi yangu ya kwenye magunia, akarudi kwenye kadi, akarudi kwenye simu.

"Mama, redio yako nzima kabisa," akasema.

"Nzima vipi, na inakimbia?"

"Haikimbii. Tega sikio. Huu wa zamani uko hapa." Akaweka kiganja kwenye paji la uso. "Huu wa simu uko hapa." Akakishusha mpaka kwenye mkanda wa suruali. "Mimi nimekulia kwenye kasida, hapo hunidanganyi. Wimbo mmeushusha."

"Nani kaushusha? Mimi naimba nilivyozoea kanisani."

"Basi muulize anayewapigia kinanda."

Njia nzima ya kurudi sikusema na dereva wa bodaboda, naye akadhani ameniudhi, akapunguza mwendo. Nilikuwa napanga. Kumuuliza mwalimu ilikuwa kazi bure, angeniambia ubarikiwe. Niliamua kutazama kwa macho yangu.

Jumamosi nikawahi mazoezi na kukaa karibu na kinanda, mahali ambapo sikai kamwe. Wimbo wa kwanza, mwalimu akapiga. Wa pili, akapiga. Ilipofika zamu ya wetu, kidole chake kikaenda pembeni kwenye kitufe kidogo, akakibonyeza mara moja, mbili, tatu, nne, na namba kwenye kidirisha cha kinanda ikawa inashuka kila anapobonyeza. Alifanya haraka, kama mtu anayefukuza nzi. Ndipo akanipa sauti ya kuanzia.

Sikuanza. Nikageuka kuwatazama wenzangu. Akina mama wa sauti ya kwanza, wote, walikuwa wanatafuta kitu ndani ya mikoba yao.

"Tangu lini?" nikamuuliza mwalimu.

Akanywea. "Tulikubaliana, mama. Wakati bado una bandeji shingoni. Tuliona tusikuvunje moyo."

Tulikubaliana! Kumbe walikaa kikao! Nilisikia hasira mpaka masikio yakawaka moto, na chini ya hasira kulikuwa na woga, kwa sababu sasa nilijua kwamba swali langu halijajibiwa bado, na jibu liko kwenye kile kitufe.

"Irudishe," nikasema.

"Mama, si lazima leo."

"Irudishe ilipokuwa, mwalimu."

Akabonyeza mara nne. Akanipa sauti. Nikasimama.

Mstari wa kwanza nilimaliza, kwa shida. Wa pili nikaanza kuupanda, na nilipofika karibu na pale juu, sauti ikakatika. Haikukwaruza wala haikupinda. Ilikatika tu, nikabaki nimefungua mdomo na hamna kitu. Hakuna aliyesema Amina.

Nikiwa bado nimesimama hivyo, besi ikaingia nyuma yangu. Ilikuwa ndiyo zamu ya kwaya kupokea, na mzee alipokea peke yake, pale pale juu wimbo ulipotungiwa, sauti imejaa, nikaisikia kwenye mbao chini ya miguu yangu. Wengine wakamfuata. Waliuimba mpaka mwisho na yeye hakukohoa hata mara moja.

Nililia, nisidanganye. Nilichukua mkoba wangu nikaenda kwenye benchi la sauti ya pili. Wanawake wawili wakasogea bila kuuliza kitu, nikakaa katikati yao. Nikamwambia mwalimu atafute mwingine wa kuanzisha, na asiguse tena kile kitufe kwa ajili yangu.

Mazoezi yalipokwisha nilimsubiri mzee nje, penye miti ya kahawa ya kanisa. Nikapiga goti, nikampa mikono yote miwili.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Baba, nilidhani unanikoholea mimi."

Akacheka mpaka akashika mti. "Nikukoholee wewe kwa nini? Wimbo ulikuwa chini ya viatu! Miezi yote hii nautafuta kooni siupati."

"Na mbona hukusema?"

"Ningesemaje, na wewe ulikuwa unafurahi?"

Nilikumbuka shikamoo zote nilizomtupia, nikaona aibu, nikamwomba radhi. Halafu nikamuuliza lile nililokuwa nawauliza watu wote tangu nitoke hospitali.

"Niambie ukweli, baba. Leo nimeimbaje?"

Alinitazama vizuri kabla ya kujibu. "Haikufika, mwanangu. Ile ya juu haikufika."

Nikaitikia kwa kichwa. Naye akageuka kuangalia kahawa, kama mtu anayeionea haya furaha yake mwenyewe.

"Lakini mimi," akasema, "leo nimeimba."