Mavi ya Mukuba

Mume wangu hajui kutembea. Anajua kutafuta tu. Amezeeka akichimba mukuba, yaani shaba, kwa mikono yake, na hata tukitoka kanisani, kule Kikula, macho yako chini kwenye kokoto, kama mtu aliyeangusha ufunguo.

Mimi napenda kupanda. Kila tukienda kwa mama yangu, upande wa Mwadingusha, napanda kilima kilicho kando ya ziwa. Vijia vyake vimekanyagwa na wavuvi na wanawake wa kuni. Juu kuna upepo, maji yanaonekana yote, na kwenye nyasi kuna vigae vya vyungu vya watu wa zamani sana. Kwetu mjini kila kilima kimetobolewa. Hiki bado kizima, na ndiyo maana nilikuwa sijawahi kumpeleka.

Mwaka huu mume wangu akaniganda. "Mama, unapandaka kule peke yako. Kuko nini?"

Nikachoka kukataa, tukapanda. Tulipofika juu nikamwona anainama. Kaokota jiwe jeusi lenye madoa ya kijani. Roho ilinitoka! Wachimbaji wakiona kijani, kesho wanarudi na wenzao na masururu, na keshokutwa hakuna kilima.

"Papa, acha hilo."

"Ngoja kwanza." Akalilamba, wanavyofanya wote, ili rangi itoke vizuri. Akalilamba tena. "Mama we! Mukuba! Iko mingi!" Akaanza kunionyesha watakapofungua shimo la kwanza. Palepale ninapokaaga.

Nilikasirika kweli. Nikamnyang'anya jiwe nilitupe huko ziwani, lakini mkononi lilikuwa jepesi, limejaa vitundu vitundu kama mkate. Mengine yalilala karibu, pamoja na vipande vya bomba la udongo uliochomwa, la kupulizia moto. Nikayatambua. Mama yangu analo moja kando ya beseni lake la kuogea.

"Papa, weye unajua unalamba nini?"

"Mukuba."

"Mavi yake! Batu ya zamani waliyeyusha mawe hapa, wakaenda na mukuba yao. Hii njo makapi walitupa. Mama anasugulia visigino."

Akatema, akafuta ulimi kwa shati la kanisani. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Yeye alinuna, akalichukua tena, akaligeuzageuza. Kazi yake anaijua. Aliona mwenyewe kwamba limepita motoni.

"Walimaliza yote?"

"Yote."

Nilidhani atarudi chini na hasira zake. Akaketi karibu nami, palepale alipotaka kutoboa, akanyoosha miguu. Hakuwa na cha kutafuta tena, basi akainua kichwa. Akayatazama maji toka ukingo huu mpaka ule.

"Mama," akasema, "kumbe hii ziwa iko mukubwa hivi?"

Tunakuja kando ya ziwa hili tangu harusi yetu.