Mtoto wa Tano Katika Nyumba ya Watoto Wanne

Enzi zetu, ninyi mliokua miaka ile ya themanini mtakumbuka, serikali ilikuwa imetuhesabu na kuona tumezidi. Kwenye ukuta wa zahanati palibandikwa picha mbili. Familia ya kwanza ilikuwa na watoto wawili wenye viatu, wameketi mbele ya mkate. Ya pili ilikuwa na watoto tele, peku, kamasi puani. Sisi watoto tuliipenda hiyo ya pili, maana wale walitosha kucheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, bila kuazima mtu kwa jirani.

Baba alikuwa fundi wa matrekta kwenye kituo cha mbegu cha serikali, karibu na Kitale. Tulikaa nyumba za wafanyakazi. Tulikuwa na umeme na bomba mlangoni, na jioni mtaa mzima ulinukia mahindi ya kuchoma. Kisha likaja agizo kwamba nyumba zile ni za mfanyakazi mwenye watoto wasiozidi wanne. Mimi nilikuwa wa tano.

Basi kila karani wa nyumba alipokuja kukagua, Mama alinipaka mafuta usoni akanivusha ua hadi kwa Mama Awino, jirani yetu mwenye watoto wawili.

"Leo wewe ni wa huku," aliniambia. "Ukiulizwa, mama yako ni huyu."

Kwangu mimi ilikuwa sikukuu. Mama Awino alinipa omena, dagaa wa ziwani, na ugali wa wimbi, na chai yenye sukari ambayo kwetu isingewezekana. Sikujua kwamba Mama alikuwa akirudi jikoni kulia. Hayo aliniambia dada yangu Nekesa tulipokuwa watu wazima.

Nilipokuwa na miaka saba, karani alikuja bila taarifa. Tulikuwa nje tunaruka bladda, ile kamba ya mpira, mimi nimeshika zamu yangu na sitaki kuiachia. Akatuhesabu kwa ncha ya kalamu, ikanifikia.

"Na huyu?"

Baba alikuwa amekuja kula chakula cha mchana. Alitazama mikono yake yenye grisi.

"Wa jirani," akasema.

Maneno hayo nilikuwa nimeyasema mwenyewe mara nyingi, kwa kucheza. Lakini kuyasikia kinywani mwa Baba kulikuwa kitu kingine. Sikulia. Nilivuka ua nikaketi kwa Mama Awino, na nilipoitwa chakula cha jioni nikakataa kutoka. Baba akanifuata.

"Twende nyumbani, Nafula."

"Kwetu ni hapa," nikamjibu.

Mama Awino akajifanya anachambua mchele. Baba akarudi peke yake, nami nikalala huko.

Kesho yake asubuhi Baba alivaa koti lake la kanisani, akanishika mkono hadi ofisini. Karani alikuwa anakunywa chai.

"Andika," Baba alimwambia. "Huyu ni wangu. Ni wa tano. Jana nilidanganya."

Barua ya kutuhamisha ilifika kabla ya mwezi kwisha. Tukahamia vyumba viwili vya kupanga nyuma ya soko, mwanga wetu ukawa kibatari, na Baba akawa anaenda kazini kwa baiskeli, mvua au jua. Hakuna aliyenilaumu. Ni Nekesa tu, kibatari kikitoa moshi, aliyesema, "Jamani, tumshukuru Nafula," nasi tukacheka mpaka Mama akatutisha na mwiko. Tulilala watano kitanda kimoja, miguu ya mmoja kichwani kwa mwenzake, na sikumbuki kuhisi baridi.

Leo niko Guildford, Sydney, nahudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Kipindi hiki cha Kovidi serikali ya huku nayo inatuhesabu: nani aingie kwa nani, na umbali gani mtu atembee. Lakini kuzaa mtoto mmoja hakuna aliyeniagiza. Shifti na gharama za maisha ziliniamulia, na miaka ikapita. Mwanangu Baraka ana miaka tisa, ana chumba chake na tableti yake. Nikimwita aje kula, ananijibu, "I'm on mute, Mum," yaani kazima kinasa sauti, kana kwamba hilo ni jibu. Enzi zetu, aliyechelewa alikuta sufuria imeshaoshwa.

Jumapili iliyopita tulikutana kwenye simu ya video ndugu wote watano, kila mtu katika kijisanduku chake, tunabishana nani alivunja kioo cha kanisa. Baraka alisimama nyuma yangu akicheka, ingawa nusu ya Kiswahili kile kilimpita. Tulipoagana akaniuliza taratibu, "Mum, when I'm old, who's going to be on my call?" Yaani akizeeka, nani atakuwa kwenye simu yake?

Nikapiga simu tena.

"Mtoto wenu anataka kuongea nanyi," nikawaambia, nikamwachia kiti.

Nikaenda jikoni kusonga ugali. Wakaanza kumgombania, kila mmoja na swali lake, naye akiwajibu kwa Kiswahili cha kuokoteza, wao wakiangua kicheko. Kwa muda nyumba ilijaa kelele kama kwetu zamani, ila sauti nne zilitoka kwenye simu, na humu ndani ilikuwamo sauti ya mtoto mmoja tu.