Wilda Sizemore na Barua za Akina Akridge

Wilda Sizemore alikuwa na miaka kumi na tisa alipoingia kazini kwa mbunge Royce Akridge, ghorofani juu ya duka la dawa katika mji wetu wa Sorrel Fork, mashariki mwa Kentucky. Alijua kupiga taipu na alikuwa na gauni moja la kwendea kazini. Wiki ya pili Royce alitia sahihi yake juu ya karatasi tupu, akamsogezea pamoja na kalamu ya wino.

"Iga hiyo," alimwambia. "Ukifika mia, niite."

Royce alipozitazama zile mia alishindwa kujua ipi ilikuwa yake.

Hiyo ilikuwa mwaka 1961. Watu wetu wa milimani si wepesi kudanganywa. Wakipata barua ya mkubwa, hulowesha kidole gumba kwa mate na kusugua sahihi. Wino ukitapakaa, wanajua kaandika mtu, si mashine. Basi ulitapakaa kila mara, na kila mara ulikuwa wino wa Wilda.

Huku kwetu huwezi kusimulia maisha ya mtu bila kuwataja akina Akridge. Mzee Lemuel, babake Royce, aliiongoza wilaya tangu kabla hatujaona lami. Ndugu yake Royce alikuwa sherifu, mkuu wa polisi. Dada yao aliolewa na msimamizi wa shule zote. Binamu yao Clell akawa mwendesha mashtaka. Royce mwenyewe alikaa bungeni Washington hadi 1984, na alipochoka, mwanawe Dalton akaingia. Tulimpigia kura kama mtu anavyochukua dukani unga aliouzoea, bila hata kutazama bei. Wilda alimjua Dalton tangu akiwa mvulana wa miaka tisa, akijificha chini ya meza yake ya taipu. Sahihi yake alijifunza kwa mchana mmoja.

Mwaka 1972 mgodi namba nne ulilipuka, wakafa wanaume kumi na mmoja. Royce alipiga simu kutoka Washington. "Waandikie wajane," akasema. "Wewe unajua la kusema."

Wilda alizaliwa na kukulia kwenye nyumba za wachimba makaa, na mumewe Hobert alikuwa shimoni siku hiyohiyo, ila upande wa pili. Aliandika barua kumi na moja, na hakuna mbili zilizofanana. Ya Neva Stidham, mjane wa Estil, niliisoma mara nyingi, maana Neva aliitia kwenye fremu akaitundika pembeni ya picha ya harusi yake. Ilisema: "Najua buti zake bado ziko mlangoni. Usiziondoe mpaka utakapokuwa tayari, na mtu yeyote asikuharakishe." Watu walisema Royce ana moyo. Maneno hayo yalimpa kura kwa miaka.

Mimi na Wilda tulikuwa majirani, nyumba zetu zimetenganishwa na ua wa mbao tu, na sikumsikia hata siku moja akiomba kitu kwa ajili ya nafsi yake.

Hobert alifanya kazi chini ya ardhi miaka thelathini. Kufikia 1995 hakuweza kupanda ngazi tatu za baraza lake. Alilala ameketi kitini, bomba la hewa puani, na kopo la kahawa mkononi la kutemea makohozi meusi. Aliomba fidia ya vumbi la makaa mara tatu, na mara zote tatu madaktari wa Tarrow, kampuni yenye mgodi, walisema ni sigara.

"Sigara!" Hobert aliniambia, akikatiza maneno kutafuta pumzi. "Mimi... sijavuta hata moja. Mama yangu... angenivunja mgongo."

Machi mwaka uliofuata, Wilda alifunga mlango wa ofisi na kumwomba Dalton.

"Barua moja tu. Uwaulize watu wa fidia kwa nini faili la Hobert limekaa. Huulizi zaidi ya hapo."

"Bi Wilda, unajua Tarrow wanavyotuangalia mwaka huu wa uchaguzi. Ngoja Novemba ipite."

"Hobert hafiki Novemba."

"Usiseme hivyo, Bi Wilda."

"Nasema kwa sababu mimi ndiye ninayelala nikimsikiliza anavyohema."

Dalton akamshika bega, akasema atamkumbuka Hobert kanisani. Kesho yake likaja paja zima la nguruwe, limefungwa utepe mwekundu. Hobert wakati huo alikuwa akinywa supu tu.

"Mwambie... asante," akasema akilitazama. "Na aniletee... mtu wa kunitafunia."

Alicheka mpaka midomo ikawa ya buluu. Wilda akamshikilia mgongo hadi pumzi iliporudi, kisha akaenda jikoni, akafungua bomba la maji ili nisisikie kwa upande wetu kwamba analia. Nilisikia.

Jumatatu alipiga taipu mistari minne. Alikuwa ameandika maelfu ya barua kwa ajili ya waume za watu. Alitia sahihi ya Dalton Akridge, akailamba bahasha, akaenda mwenyewe posta.

Baada ya wiki tatu likaja jibu: kesi ya Hobert itasikilizwa Juni. Sijawahi kuona nyumba ikibadilika vile. Hobert alitaka anyolewe ndevu. Wilda alimnunulia shati lenye mikunjo bado ya dukani. "Unapendeza kama bwana harusi," nikamtania. Akajibu, "Nenda... ukamwambie mumeo... awe macho."

Kisha mwanasheria wa Tarrow akampigia Dalton simu, akamuuliza amewageuka lini. Dalton hakuelewa. Akaomba nakala ya barua. Siku mbili baadaye alishuka kutoka Washington, akaiweka juu ya meza ya Wilda.

"Umefanya nini, Wilda?" Hakusema Bi Wilda.

"Nilichofanya kwa miaka thelathini na tano."

"Hii sikukuruhusu!"

"Zile kumi na moja za mgodi namba nne, baba yako alisoma hata moja?"

Dalton alitazama ukutani, zilipokuwa picha za babu yake na baba yake. "Nipe funguo," akasema.

Mchana huohuo Clell, yule mwendesha mashtaka, alikuja nyumbani kwa Wilda na karatasi. Nilikuwepo, nimempelekea Hobert maharage ya kusaga. Clell alivua kofia, akasalimia vizuri, akaketi. Karatasi ilisema kwamba Wilda alighushi sahihi ya mbunge mara moja, kwa siri, kwa faida ya mumewe.

"Si mara moja," Wilda akasema.

"Iwe mara moja, Wilda. Zikiwa nyingi, nitalazimika kufungua mashtaka, na jela ya wanawake iko mbali. Huyu atalishwa na nani?"

Hobert alijaribu kuinuka. Hakuweza, akabaki ameshika mikono ya kiti.

"Na kesi yake ya Juni?" Wilda akauliza.

"Itabaki palepale. Nakupa neno langu."

Wilda alichukua kalamu. Mkono wake ukaanza kwa herufi D. Akaifuta, akaandika jina lake polepole, kama mtoto wa darasa la kwanza.

Neno la Clell halikumaliza hata wiki. Dalton aliandika kuikana ile barua, na kesi ikaondolewa kwenye orodha mpaka uchunguzi ufanyike. Gazeti la wilaya likaweka mbele: karani aghushi jina la mbunge. Hobert aliomba asomewe yote, mpaka mwisho. Kisha akamvuta Wilda karibu.

"Picha za mapafu yangu... hawaziamini. Nikifa wanipasue. Waangalie... wenyewe."

"Nyamaza, Hobert."

"Niahidi."

Akaahidi. Alikufa tarehe kumi na tisa Juni, saa nne asubuhi, Wilda akiwa anafungua kopo la supu. Dada yake Hobert alilia akisema ndugu yake hatakatwa kama mnyama, na mchungaji akasema afikirie mara mbili. Wilda alisimama jikoni amevaa aproni, macho makavu. "Nimeshafikiria," akasema. "Mpelekeni."

Mazishini yalikuja maua makubwa kuliko ya mtu yeyote, yameandikwa "Familia ya Akridge". Dalton hakuja. Alikuja binti yake Paige, aliyekuwa akigombea baraza la wilaya mwaka ule. Akamshika Wilda mikono miwili. "Babu alikupenda sana, Bi Wilda," akasema, kisha akazunguka kusalimia watu wote, safu kwa safu.

Lakini lililomvunja Wilda halikutoka kwa akina Akridge. Wiki moja baada ya mazishi Neva Stidham alikuja barazani amekumbatia fremu yake. Alikuwa mzee sasa, anatembelea fimbo.

"Nimesoma gazeti," Neva akasema. "Nataka kujua kitu kimoja. Huu ni mkono wa nani?"

Wilda angeweza kudanganya. Karatasi ya Clell ilikuwa imeshamdanganyia.

"Wangu, Neva."

"Na maneno?"

"Yangu. Nilikuwa nikikufikiria wewe na Estil, nikiandika."

Neva aliitazama fremu. "Miaka ishirini na nne, nikiamka, nasoma hii. Nilidhani mtu mkubwa kule Washington anajua nimefiwa. Kumbe ni Wilda, wa hapo chini barabarani."

"Neva, nilikuwa nimelia—"

"Ungekuja ukaniambia mwenyewe! Ningekupikia kahawa!" Akaiweka fremu ngazini, kioo chini, akaondoka.

Baada ya hapo watu wakaanza kuziteremsha barua zao kutoka ukutani. Kanisani waliacha nafasi kwenye benchi lake. Aliomba kazi jikoni shuleni, lakini shule ni za mkwe wa akina Akridge. Aliomba kwenye duka la dawa, na mwenye duka akasema atamwita. Nilimwona siku nyingi ameketi barazani na koti lake, mkoba magotini, kama mtu anayengoja gari, na hakuna aliyekuja.

Novemba Dalton alishinda, na Paige pia. Desemba nilimsaidia Wilda kubeba kabati kulipakia kwenye gari la dada yake, waende Dayton, Ohio. Katikati ya ngazi akaniuliza, "Ulimpigia kura?"

Nilijua anamaanisha nani. "Mwanangu anafanya kazi idara ya barabara, Wilda."

"Najua."

"Wangemfukuza."

"Najua. Shika vizuri upande huo."

Nikashika, lakini sikuthubutu kumtazama.

Alinipigia simu miaka mitatu baadaye, kutoka hoteli alikokuwa akikunja mashuka. Kesi ilikuwa imesikilizwa hatimaye, na jaji ameangalia ripoti ya mapafu ya Hobert. Daktari aliyeyapasua aliandika kwamba kisu kilikwaruza kama kwenye mchanga, na kwamba hakuona dalili ya sigara hata moja. Fidia ilikubaliwa.

"Mungu mkubwa!" nikasema. "Umeshinda, Wilda."

Nikasikia mashine za kufulia zikizunguka nyuma yake.

"Wakati anaongea hawakumsikia," akasema.

Nikamuuliza kama atarudi kwetu, angalau kutembelea kaburi. Akasema zamu yake inaanza saa nane, na meneja hapendi simu ndefu.