Shika Ground

Juzi binti wa kaka yangu Otieno alikuwa akicheza gemu kwa vijiko viwili vilivyounganishwa na kibao kidogo cha saketi. Alishika waya mweusi, akagusa kijiko, na gari kwenye laptopu halikusonga. Nikaikumbuka alasiri moja ya utotoni kwetu Bondeni, mvua ikiwa imetoka tu kunyesha, nyumba ikinukia chapati za jirani.

Otieno alikuwa ameazima kibao kama hicho chuoni na ilibidi akirudishe kabla ya jioni. Alikiandikia programu: gusa kijiko, gari liruke. Kwake liliruka. Kwangu halikutikisika.

“Shika ground, wewe,” alisema, akianza kufunga begi.

Ground niliyoijua mimi ni ardhi, basi nilitoka mbio, nikakita viganja kwenye udongo mbichi chini ya kamba ya nguo. Niliporudi, aliitazama mikono yangu akacheka hadi akakaa chini.

“Ground ni huu waya mweusi, mjinga hii.”

“Sasa mbona inaitwa ground?”

“Utacheza, ama niende?”

Nilishika waya, nikagusa kijiko, gari likaruka. Kwa miaka mingi niliamini ni udongo uliokubali. Chuo kikuu kilinifundisha kwamba waya ndio uliokamilisha njia ya umeme, na unyevu wa viganja ukausaidia. Swali langu la jina hilo bado halijajibiwa vizuri.

Juzi mtoto alikuwa na vidole vikavu na ameanza kununa.

“Nenda ushike udongo mbichi kwanza,” nikamwambia.

Otieno, aliyekuwa amesimama mlangoni, alimpisha.