Nani Kapokea Sepetu?

Mwanamke huyu hapendi kuambiwa "haiwezekani". Mwambie uone. Atakutazama kuanzia viatuni hadi utosini, atasonya, kisha ataendelea na alichokuwa akifanya. Pale kiwandani walimwita Mama Tanuri, na jina hilo lilimkaa kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Alianza kazi pale mumewe akiwa hai. Mumewe alipofariki, alibaki na watoto wa kulea na tanuri la kuyeyushia kioo.

Kiwanda kilikuwa cha chupa: za dawa, za soda, za mafuta ya nywele. Mchanga, magadi na vigae vya chupa kuukuu viliingia upande mmoja wa tanuri, na uji wa kioo ukatoka upande wa pili. Moto wake hauzimwi. Ukizimwa, uji ule unaganda tumboni, matofali yanapasuka, na tanuri limekufa, halifufuki. Kila mtu pale alijua hivyo, kuanzia mkurugenzi hadi mfagizi. Ndiyo maana walikuwa na desturi yao: anayemaliza zamu haweki sepetu chini. Anamkabidhi anayeingia, mkono kwa mkono, na kusema, "Unawaka." Anayepokea anajibu, "Nimeupokea." Mpaka aseme hivyo, zamu ni yako, hata kama mkweo anazikwa.

Basi kampuni ikaelemewa na madeni. Mkurugenzi akafunga virago kimyakimya, na wafanyakazi wakaambiwa waende nyumbani. Zamani, mdai mkubwa angekuja na lori lake, akabeba anachotaka, na wengine mkabaki kupiga miayo. Na kweli lori la benki lilifika, na minyororo yake. Lakini sheria ilikuwa imebadilika. Korti ilikuwa imeweka msimamizi, kijana mwenye miwani na koti la kijivu, na ndiye aliyesimama getini.

"Hakuna anayegusa kitu mpaka wadai wote wakutane," aliwaambia. "Hata nyinyi wa benki, wenye dhamana ya mkopo."

Lori likageuza. Mama Tanuri, sepetu mkononi, akapiga kigelegele kilichowafanya wabebaji wa benki wachapuke. Haya, furaha ya maskini! Haikufika hata saa ya chakula, kijana yuleyule akaingia kwenye chumba cha tanuri.

"Mama, itabidi tuzime."

"Tuzime nini?"

"Moto. Hakuna chupa zinazotengenezwa, na mafuta yaliyomo kwenye tangi ni mali ya wadai. Nitaulizwa."

Alisema kwa adabu, wala hakuwa mjinga. Alijua vizuri kwamba tanuri likipoa limekwisha. Alijua pia kwamba wanunuzi wa vyuma chakavu hawaulizi kama tanuri ni hai au maiti.

"Hao wadai ni nani?" Mama Tanuri akauliza.

"Benki. Walioleta mchanga, walioleta vigae. Nyinyi wafanyakazi pia, kwa mishahara yenu."

"Kumbe na mimi mdai! Basi mdai mmoja amekataa." Akaisukumiza ile sepetu kifuani mwa koti la kijivu. "Halafu zamu yangu haijaisha. Wenzangu mmewafukuza, hakuna aliyekuja kunipokea. Kampuni si umekabidhiwa wewe? Pokea basi. Sema 'Nimeupokea', kisha uuzime kwa mkono wako. Mimi sizimi."

Kijana akarudisha mikono nyuma kana kwamba ameletewa nyoka. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mkutano wa wadai ndio utakaoamua," alisema hatimaye. "Mafuta yaliyopo nitayaacha mpaka siku hiyo. Zaidi ya hapo sinunui hata tone."

"Na mimi sijakuomba tone."

Akabaki. Aliupunguza moto ukawa mdogo kabisa, wa kuzuia uji usigande tu, akawa analala kwa vipande juu ya maboksi, sepetu mapajani. Binti yake alimletea chakula na maneno.

"Mama, watu wanasema umerukwa na akili."

"Waambie akili ipo, imekaa inaota moto."

Aliyemuumiza hasa ni shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe. Walimwita Vigae, kwa sababu alinunua chupa zilizovunjika kutoka kwa waokotaji wa mitaani na kuzileta kiwandani. Naye alikuwa hajalipwa, na waokotaji waliouza wenyewe kiwandani pia. Alikuja asubuhi moja, amekunja uso.

"Shemeji, kwenye mkutano mkono wangu utanyanyuka kufunga. Sikufichi."

"Kwa nini?"

"Wakili wa benki katuita sisi wadogo. Kasema tukipiga kura ya kuuza vipandevipande, sisi tutalipwa kwanza. Watoto wangu wamefukuzwa shule kwa kukosa ada."

"Anakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, yule. Na ukishalipwa, vigae utampelekea nani?"

"Hilo la kesho. Wewe huna njaa ya leo." Akageuka kuondoka, kisha akarusha jiwe la mwisho. "Ndugu yangu alikufa akisema unaupenda moto huu kuliko watu wako."

Loo! Maneno hayo yalimchoma kuliko tanuri lilivyowahi kumchoma. Alilia. Alilia huku akitupia vigae tanurini, vigae vya shemeji huyohuyo, na hasira zake akazipakia kwenye sepetu.

Mkutano ulifanyika kwenye ukumbi wa kulia chakula wa kiwanda. Binti yake alibaki tanurini akishika sepetu kwa muda, kwa masharti kwamba asithubutu kusema "Nimeupokea", kwa kuwa hakuwa mfanyakazi. Msimamizi akaeleza: ili kuzima na kuuza vipandevipande, kura ishinde mara mbili, kwa ukubwa wa madeni na kwa wingi wa vichwa. Ikianguka, atatafuta mnunuzi wa kiwanda kizima, kikiwa hai. Wakili wa benki akataka wafanyakazi wasihesabiwe.

"Ni wadai," msimamizi akasema. "Sheria imewataja."

Kwa ukubwa wa madeni, benki ilishinda bila jasho. Vikabaki vichwa. Wafanyakazi walikuwa upande mmoja, wauza mchanga na wenye malori upande mwingine, na waokota chupa katikati, macho yao yote kwenye mkono wa Vigae.

Mama Tanuri akasimama. "Mimi sijui kubembeleza. Mnataka kuzima? Zimeni. Ila mje wenyewe mle ndani, mmoja baada ya mwingine, mlitazame likipasuka. Msimtume mtu. Sisi si vyuma chakavu!"

Akaketi. Vigae alikuwa anatazama sakafu. Kisha akanyanyua mkono, na moyo wa shemeji yake ukamdondoka. Kumbe alikuwa anauliza swali.

"Bwana wakili. Uliniambia tutalipwa kwanza. Kwanza kabla ya nani?"

Wakili akakohoa. Msimamizi alikuwa amemkazia macho, na mbele yake uongo haukuwa na pa kupita. "Kwanza kati ya wasio na dhamana. Yaani, benki ikishachukua chake. Kikibaki kitu."

"Kikibaki!" Vigae akasimama wima. "Vigae vyangu vimo ndani ya lile tanuri, vinachemka, shemeji yangu halali kwa ajili yake, na wewe unaniambia kikibaki? Mwenye kutaka kuzima anyanyue mkono nimwone!"

Akakunja mikono kifuani. Waokota chupa wote wakakunja yao. Pendekezo la benki likaanguka palepale, mbele ya masufuria.

Jioni ile, Vigae alikuja akasimama mlangoni mwa chumba cha tanuri. "Yale maneno ya ndugu yangu, shemeji. Hakuyasema."

"Najua hakuyasema," akajibu bila kugeuka. "Ndiyo maana nimeyakasirikia."

Nyuma ya Vigae akaja msimamizi. Alivua koti la kijivu, akalitundika kwenye msumari wa wafanyakazi, akanyoosha mikono yote miwili. Mama Tanuri alimtazama kuanzia viatuni hadi utosini. Vidole vyake vilikuwa vimekakamaa kwenye mpini, ikambidi avibandue kimoja kimoja.

"Unawaka," alisema.

"Nimeupokea," kijana akajibu, na sepetu ikamwelemea kidogo.

"Ishike chini zaidi, mwanangu," akamwambia, akachukua kanga yake, akaenda nyumbani kulala.