Mkwe Aliyenipasua Mgongo

Haya, chekeni tu, maana hata mimi siku hizi nacheka, ingawa zamani mtu akitaja hospitali ya misheni mbele yangu nilikuwa nainuka kwenda kuangalia ng'ombe ambao wala hawakuwa na shida. Mimi, Baba Boke, mtu mzima na heshima zangu, niliwahi kukimbia uani mchana kweupe nikiwa nimefunikwa mbele tu.

Mgongo niliuumiza mwaka ule tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa. Nilikataa kuacha nguzo za nyumba yangu kwenye boma letu la zamani, nikawa nazibeba moja moja (ubishi, mura, kijana wangu, hauna dawa), na ya sita ikanikalia vibaya, kah! Tangu hapo jembe siwezi, kukamua siwezi, mke wangu ananivalisha suruali kama mtoto. Daktari wa misheni, Mzungu mmoja mzee, akasema nisipopasuliwa mguu wa kushoto utakufa kabisa.

Sasa hapo ndipo mdomo uliponiponza. Tulisikia hapo misheni amekuja daktari mpya, kijana wa huku huku Mara, katoka kusomea Urusi, nami kwenye mkutano wa kijiji nikajishika kiuno nikasimama: "Ndugu wananchi, tumesema tujitegemee! Mgongo wangu utapasuliwa na wageni mpaka lini?" (Utadhani umeshapasuliwa mara kumi.) Makofi, vigelegele, mwenyekiti akatoa trekta la kijiji, nikapelekwa kwenye tela watu wanaimba, na yule Mzungu aliposogea kunipokea nikamwambia mbele ya wote, "Wewe pumzika, mzee, mimi namtaka wa kwetu." Akatabasamu tu. Nilikuwa nimeuliza kijana kasomea wapi, sikuuliza kwao ni wapi. Mtu wa huku, unauliza shule kabla ya ukoo!

Kesho yake wakanivika lile gauni lao la kufungwa nyuma kwa kamba (zangu zilikuwa zimekatika), wakanilaza kifudifudi, mgongo na yote yanayofuata yako wazi. Viatu vikaingia. Niliviona chini, vyeusi, kimoja kimefungwa kwa kipande cha bendeji. Sauti ya upole ikaanza kusoma karatasi yangu, ikakwama.

"Shikamoo, baba. Wewe ndiye baba yake Boke, aliyeolewa Kisaka?"

"Marahaba, ndimi. Unamjua?"

Nikasikia karatasi inakunjwa. Halafu akasema, "Ameolewa na kaka yangu."

Jamani! (Tulijua mume wa Boke ana mdogo wake ng'ambo, lakini ng'ambo ni kubwa.) Ng'ombe wa kwao wako zizini kwangu wanacheua, na yeye, mkwe wangu kabisa, kasimama nyuma yangu! Kwetu mkwe ukikutana naye njiani mnapishana kila mtu akitazama majani, sembuse hayo aliyoyaona. Nikasikia viatu vinarudi nyuma vinagonga ndoo, yeye akatokea mlango wa huku, mimi nikaruka nikatokea wa kule, mgongo uliogoma miezi saba ukakimbia, nikakatiza uani hadi katikati ya foleni ya akina mama wa kliniki, na hapo ndipo ukakumbuka kwamba ni mgonjwa. Ukakaza. Nikabaki nimeinama, mikono magotini, akina mama wote nyuma yangu, watoto wanalia, na wanakijiji wenzangu, waliolala hapo hapo kwenye tela kunisubiri, wameacha kuimba.

Mke wangu akaja na kanga, akanifunga kiunoni, akaninong'oneza, "Haya, umejitegemea."

Nikamwomba yule Mzungu, nalia kweli, anipasue yeye. Akajibu bila kinyongo, "Mikono yangu inatetemeka sasa, Baba Boke. Ulisema vibaya, lakini ulichagua vizuri. Kijana ndiye aliyesomea mgongo."

Ikawa nibaki kilema au nife kwa aibu. Mke wangu ndiye aliyekata shauri. Aliuliza huwa wanamfunika mgonjwa na nini, wakamwonyesha shuka la kijani lenye tundu la ukubwa wa kiganja. "Basi afunikwe kichwa mpaka kisigino, ndipo mkwe aingie. Akimaliza atoke, ndipo mumfunue. Kiganja kimoja cha ngozi hakina ukwe."

Wakanichoma ganzi, na kupitia upenyo wa shuka nikavitazama vile viatu mpaka mwisho. Havikutikisika.

Nikapona, nikalima, nikakamua. Ilipofika miaka ile ya sukari kwa foleni, Boke akija kutuona alikuwa hakosi kifurushi "kutoka kwa shemeji", na tukikutana mjini Bomani yeye anavuka upande ule, mimi nainamisha macho, namjua kwa viatu. Nasikia naye sasa ana mvi, amestaafu. Niliapa sitachagua tena daktari bila kuuliza kwao, na kiapo hicho sijutii. Ninachojutia ni kwamba uso wake siujui mpaka leo, na asante yangu hajawahi kuisikia. Nyie si wakwe zake. Mkipita Kisaka, mwambieni mguu wa kushoto bado unatembea.